Kufungwa Kuzuri, Kushinda Kubaya

Haya wapenzi, tangu kile kipindi cha michezo ya utotoni nimepokea sauti nyingi za WhatsApp zinazouliza kitu kimoja: wewe unayejidai kucheza sataranji kila Jumanne, ushawahi kumfunga mtu wa maana? Nishawahi. Ila swali lenyewe limekaa upande, manake michezo inayonijia usiku nikikosa usingizi siyo niliyoshinda tu.

Kwanza tuelewane. Mimi si bingwa. Nina pointi 1600 na ushee, kwa hiyo kwenye timu yetu ya ligi hapa Leicester tukiwa sita mimi hukaa meza ya tano, wakati mwingine ya sita. Tunacheza ukumbi wa nyuma ya kanisa, chai ya bure, biskuti za kununua. Kimya kama mtihani. Hicho kimya kilinipa tabu zaidi kuliko mchezo wenyewe, kwa sababu nilifundishwa na Baba, na Baba alikulia Unguja, kwenye baraza za bao na drafti, ambako mtu hachezi kwa mkono tu. Mdomo nao unacheza. Ukisogeza farasi utaambiwa mbona farasi wako ana njaa. Ukifikiri sana utaulizwa kama upelekewe mto ulale.

Na majina! Baba alijifunza sataranji kwa kaka yake aliyehamia Muscat, kwa hiyo kwetu malkia hakuna, kuna waziri. Na yule anayekwenda mshazari, ambaye Waingereza wanamwita askofu, kwetu ni tembo. Nilipoingia timu ya shule nikasema “nimekula tembo wako”, darasa zima likacheka wiki nzima. Lakini Baba ndo alikuwa karibu na asili. Mchezo huu kwa Waarabu ulikuwa na waziri na tembo karne nyingi kabla Ulaya haijamgeuza waziri kuwa mwanamke, na waziri wa zamani alikuwa dhaifu, hatua moja tu ya mshazari. Nguvu alizonazo malkia leo alipewa huko Ulaya mwishoni mwa karne ya 15.

Sasa, kufungwa. Mechi ya mwisho ya msimu, tuko mbili na nusu kwa mbili na nusu, imebaki meza moja, na meza hiyo ni yangu. Sare inatubakiza darajani, nikifungwa tunashuka. Saa nne na nusu usiku, wenzangu wote wamesimama nyuma yangu na makoti yao. Mpinzani ni mzee mstaafu, mikono inamtetemeka kidogo anapogusa kete. Ubaoni wamebaki wafalme na vitunda. Mfalme wangu yuko f5 analinda kitunda changu cha e4, mfalme wake yuko d4 analinda chake cha e5. Kila mmoja anamtishia mwenzake. Kule pembeni vitunda vimegandana, isipokuwa yule mzee alikuwa amejiwekea akiba ya hatua moja. Akaisogeza.

Zamu yangu.

Wanaocheza mmeshaona. Popote nitakapompeleka mfalme, namwacha kitunda. Ingekuwa zamu yake, yeye ndiye angeachia na mimi ningeshinda. Ningeruhusiwa kukaa tu, nisifanye lolote, timu ingepona. Lakini sataranji haina ruhusa ya kukaa. Wajerumani wana neno lake, zugzwang: unalazimika kucheza, na kila unachocheza ni hasara. Nilikaa dakika sita nikitazama saa. Nikampa mkono.

Baadaye alinionyesha kwamba ile hatua moja aliitunza tangu hatua ishirini nyuma, tulipokuwa bado tuna ngome ubaoni. Aliipanga kama mtu anayeweka mchele wa Ramadhani. Tulishuka daraja, na kwenye gari hakuna aliyezungumza hadi nyumbani, lakini mimi karatasi ya mchezo ule ninayo, nimeihifadhi kwenye droo pamoja na pasipoti.

Siko peke yangu kwa hilo. Mwaka 1851 hapahapa Uingereza, London, Adolf Anderssen alimfunga Lionel Kieseritzky mchezo wa kirafiki tu, wa kupumzikia. Anderssen alitoa tembo, akatoa ngome zote mbili, akatoa na malkia, kisha akampa mat kwa tembo aliyebaki na farasi wawili. Na nani aliuchapisha? Kieseritzky mwenyewe, kwenye jarida lake. Aliyefungwa. Ningependa kunywa chai na mtu yule.

Kushinda kwangu kukubwa ni kumfunga Baba. Hakuwahi kuniachia, hata nilipokuwa na miaka saba nalia. Kila akinifunga alikuwa anageuza ubao, ananiambia, “Panga tena, mwanangu.” Nilikuwa na miaka 19, Jumapili moja baada ya chakula, na siku ile maneno yake yalikuwa mengi kuliko kawaida, farasi wangu alisemwa, tembo wangu alisemwa. Halafu katikati ya mchezo akanyamaza. Nilisikia friji ikinguruma. Nikasogeza ngome nikasema mat, kwa sauti ndogo, kama naomba radhi.

Akautazama ubao. Akasema, “Ahsante, mama,” akaenda kuchemsha chai. Hakusema panga tena.

Nilikuwa nimeisubiri siku ile miaka kumi na mbili, na nilipoifikia nilitamani angalau anitanie. Tangu hapo lazima mimi ndiye niombe mchezo. Sasa amestaafu amerudi Unguja, tunacheza kwenye simu, na programu ile haina mdomo, kwa hiyo hunipigia kabisa, anaweka spika, tunacheza huku ananisema, na jirani zake wa barazani wanamsaidia kunisema. Juzi kanifunga kwa wale tembo wake wawili. Wakashangilia hadi simu ikakwaruza.

Nyumbani kwenu mnamwitaje yule wa mshazari? Nitumieni sauti, tutazicheza kipindi kijacho.