Likasi: Asidi inapita barabarani, shimi inabaki ku ubao

Mwezi wa 9 ukifika, wazazi wa Buluo na sehemu zingine za Likasi wanafikiri kwanza makuta: uniforme, madaftari, viatu. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini sekondari ingali ya kulipa. Basi mzazi mwenye mtoto anayeingia humanite ya sayansi ana haki ya kuuliza: somo la shimi analolilipia, mtoto atalifanya ao atalikariri tu?

Mu shule nyingi jibu linajulikana. Mwalimu anaandika ku ubao, wanafunzi wanaandika mu daftari, valansi wanaziimba sawa wimbo. Kila mtoto anajua kama asidi sulfuriki ni H2SO4. Lakini wengi watamaliza sekondari bila kushika hata chupa moja ya labo. Na mtihani wa taifa, ile Exetat, hauwasukumi sana: mu sesio ya kawaida mwanafunzi anachagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa. Shule inaweza kupitisha watoto wake bila labo. Ndiyo maana labo inabaki ya mwisho ku orodha ya matumizi.

Ku Likasi jambo hili ni la ajabu zaidi, juu mji wenyewe ulijengwa na shimi. Kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa njia ya umeme mwaka 1929, wakati wa Union Minière. Leo ni cha Gécamines. Kazi yake inaeleweka: mawe ya shaba, sawa ile ya kijani inayoitwa malakite, yanasagwa na kuwekwa mu asidi sulfuriki. Shaba inayeyuka, maji yanageuka bluu, kisha umeme unaikusanya ku mabamba. Asidi, chumvi, elektrolizi: masomo matatu mu kiwanda kimoja. Babu alifanya kazi ile kwa mikono. Mjukuu anaikariri bila kuiona.

Lakini si mambo ya mtihani peke yake. Viwanda vya Haut-Katanga na Lualaba vinatumia asidi mingi, na inasafiri ku barabara ileile ya bus na ya watoto wa shule. Tarehe 20/02/2019, mu Lualaba karibu na Tenke, kamio iliyobeba asidi iligongana na magari mengine, moja likiwa na abiria. Watu zaidi ya 15 walikufa. Siku ya namna hiyo, kujua H2SO4 kwa kichwa haisaidii. Inasaidia kujua kama hautakiwi kukaribia asidi iliyomwangika, kama mtu aliyepatwa anatolewa nguo na kuoshwa na maji mingi yanayopita, kwa muda mrefu, mbele ya kupelekwa hospitali. Maji mingi, hapana kidogo: maji kidogo yakikutana na asidi kali inatoa joto na kuruka. Ndiyo sababu mu labo wanamwanga asidi ndani ya maji pole pole, hapana maji ndani ya asidi. Mtoto aliyeona jambo hilo mara moja hawezi kulisahau.

Nani atalipa labo? Makuta ya mine yana sheria. Kodi ya mine, ile redevance, inagawanywa kufuatana na kode ya mwaka 2018: 25% ya provinsi, 15% ya komine ao sekta yenye mine. Tena kila kompani inayochimba inatakiwa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale, na kuandika ahadi zake mu kaye ya mapatano pamoja nao. Kalasi zinajengwa, matanki ya maji yanawekwa. Labo inaombwa mara chache, juu haionekani ku picha sawa nyumba mpya.

Wakati wa kungojea, mwalimu anaweza kuanza na vitu vya jikoni: maji ya ndimu, maji ya majivu, na maji ya maua mekundu ya hibiskusi, ambayo yanabadilisha rangi kati ya asidi na bazi. Na komite ya wazazi, ku mkutano wa kwanza wa mwaka, iko na maswali mawili: makuta ya mazoezi yakiombwa, yalinunua nini? Na ku kaye ya mapatano, nani alisema neno «labo»?