Mgeni wa Siku Moja

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyonena wazee wetu, na ndani ya methali hiyo mna sharti: mgeni hana budi kumfikia mwenyeji. Apitaye mbele ya mlango bila kubisha hodi hamponyi mtu. Nataka kuonyesha katika insha hii kwamba abiria wa meli za anasa katika visiwa vya Karibi, wapelekwao na kurudishwa kama mizigo, hulivunja sharti hilo; na kwamba msafiri mwenye afya na akili timamu yampasa kushuka na kuutembea mji kwa miguu yake mwenyewe.

Kwanza tuitazame desturi yenyewe. Meli hizi ni kubwa mfano wa mji, na nyingine huchukua abiria elfu kadhaa. Hufika bandarini asubuhi, huondoka jioni, na kesho yake huamkia kisiwa kingine. Kabla ya kufika, kampuni ya meli huwauzia abiria matembezi yaliyokwisha kupangwa. Basi hupangwa safu, hubandikwa namba vifuani, hupakiwa katika mabasi, huonyeshwa ufuo mmoja na duka moja, kisha hurudishwa melini kula. Mahali pengine jambo hili limevuka mpaka. Huko Labadee, kaskazini mwa Haiti, kampuni moja ilianza katika miaka ya 1980 kushusha abiria wake katika ufuo iliokuwa imeukodi, uliozungushiwa ua. Wengi walioga hapo, wakala chakula cha meli yao, wakaondoka. Walisema kwao kwamba wamefika Haiti, hali hawakuona hata soko moja la Haiti. Je, huko ni kusafiri, au ni kuhamisha kiti kutoka sitahani hadi mchangani?

Wako wasemao kwamba hapana cha kuona katika bandari hizi isipokuwa jua na maji. Na tuwapeleke Bridgetown, mji mkuu wa Barbados. Bandari yake ya kina kirefu ilifunguliwa mwaka 1961, na kutoka hapo hadi katikati ya mji ni mwendo wa kiasi cha kilomita moja na nusu. Mtu aendaye polepole hutumia nusu saa. Njiani atapita Pelican Village, panapouzwa kazi za mikono ya wenyeji, na soko la Cheapside lenye matunda, viazi na mboga za kisiwa. Akiendelea atafika kwenye uwanja ambao hadi mwaka 1999 uliitwa Trafalgar, na sasa huitwa Uwanja wa Mashujaa wa Taifa. Hapo ilisimama sanamu ya Nelson, jemadari wa bahari wa Kiingereza, tangu mwaka 1813. Iliondolewa Novemba 2020, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Novemba 2021, Barbados ikawa jamhuri. Abiria wa basi hupapita mahali hapo kwa dakika moja. Atembeaye kwa miguu huweza kusimama na kumwuliza mzee aliyeketi kivulini kwa nini sanamu imeondoka, na katika jibu lake akajifunza mengi kuliko yaliyomo katika karatasi za matangazo.

Karibu na hapo pana Bunge, ambalo asili yake ni mwaka 1639, na sinagogi la Wayahudi lililoanzishwa mwaka 1654, likabomolewa na tufani mwaka 1831, likajengwa tena mwaka 1833. Katika bustani ya Queen's Park umesimama mbuyu mkubwa ajabu. Kijana wa Afrika akiuona mti huo ng'ambo ya bahari ya Atlantiki haitampasa kuambiwa kwamba asili yake ni kwao. Na akiketi kula chakula cha mchana, ataletewa chakula cha taifa: samaki arukaye pamoja na sima ya unga wa mahindi iliyosongwa kwa bamia. Atadhani amekaribishwa na shangazi yake.

Mambo haya hayakufika kisiwani kwa bahati. Waingereza walianza kukaa Barbados mwaka 1627, wakapanda miwa, wakaleta Waafrika kwa maelfu kuilima. Sheria ya mwaka 1661 ilimfanya mtumwa kuwa mali ya bwana wake. Aprili 1816 watumwa waliinuka katika uasi, na Bussa hukumbukwa kuwa kiongozi wao. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1834, lakini watu hawakuwa huru kabisa hadi mwaka 1838. Mashariki ya mji ipo sanamu ya mtu aliyekata minyororo yake, iliyosimamishwa mwaka 1985. Wenyeji humwita Bussa. Huko huendwa kwa gari dogo la abiria, lijaalo watu na muziki mkubwa kama matatu za kwetu. Tangu mwaka 2019 nauli yake imekuwa dola tatu na nusu za Barbados, nazo hazifiki dola mbili za Marekani. Kisiwa chenye historia kama hii kumfanya mtu aone mchanga tu ni kumdhulumu mgeni, na ni kumdhulumu mwenyeji zaidi.

Sasa tuwasikilize wapinzani wetu. Husema kwanza kwamba meli humngoja aliyechukuliwa na basi la kampuni, bali haimngoji aliyejiendea. Kweli, lakini dawa ya hayo ni saa, si kifungo. Mtu na aulize kama saa ya meli na saa ya kisiwa ni moja, aandike wakati wa mwisho wa kupanda, aende kwanza mahali pa mbali na kumalizia karibu na gati, na arudi saa nzima kabla.

Husema pili kwamba mji una wevi. Mji gani usio nao? Mwenye hadhari huacha vito vyake melini, huchukua fedha za kumtosha, hupita njia zenye watu. Tena hujifunza sheria za mahali: Barbados, kwa mfano, hairuhusu raia kuvaa nguo za mabaka kama za askari.

Husema tatu kwamba wazee na wagonjwa hawawezi kutembea. Hao hatuwalaumu. Lakini hata wao waweza kumkodi dereva wa kisiwani, wakapatana naye bei kabla ya kuondoka, na fedha yao ikaingia moja kwa moja katika mkono uliowatumikia.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Anunuaye matembezi melini huilipa kampuni kwanza, na kampuni hukata fungu lake kabla ya mwenyeji kuona kitu. Anunuaye embe sokoni humlipa mwuza embe. Tena fedha si yote: aliyeuliza njia, akajibiwa, akashukuru, amemfanya mwenyeji kuwa mtu, aliyemtazama kupitia kioo amemfanya kuwa picha.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la mbali. Meli za namna hii hutia nanga Mombasa pia, na wako abiria waondokao bila kuikanyaga hata njia moja ya Mji wa Kale. Tukichukizwa kupitwa hivyo milangoni mwetu, tusije tukawapita wengine vivyo hivyo siku tutakapokuwa wageni.

Enyi vijana, wengi wenu mtasafiri kuliko baba zenu. Mkifika bandari ya watu, hata kwa siku moja, shukeni. Nunueni kwa mwenye mali, ulizeni kwa adabu, sikilizeni kwa subira, na rudini kwa wakati. Siku moja haitoshi kuujua mji, lakini yatosha kuusalimu. Na asiyesalimu hakufika.