Keneli ikipiga kelele tusiizibe mdomo

Leo sina habari za mgomo wala za boom kuchelewa. Nina ugomvi wa kompyuta, na nyie wa Fasihi mnivumilie tu, mtaelewa.

Kuna mtindo umezuka kwetu sisi tunaosomea ualimu na somo la kompyuta. Mtu anaandika kidraiva chake cha Linux, anakipakia, keneli inatema: "BUG: sleeping function called from invalid context". Jamaa anaangalia, kifaa kinafanya kazi, anasema aah, kelele hizo. Anazima CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, anajenga keneli upya, skrini safi, huyoo kantini. Mimi nasema hapana jamani!

Fikiria bafu moja la korido bwenini. Mmoja yuko ndani, kafunga komeo. Walio nje hawarudi vyumbani kulala, wamesimama mlangoni na ndoo zao wanagonga tu. Hiyo ndiyo spinloki: prosesa inayoisubiri haifanyi kazi nyingine, inazunguka palepale. Haina ubaya kama aliye ndani anajimwagia chapuchapu anatoka. Sasa akisinzia humo je? Prosesa zote zikikaliwa na wanaosubiri namna hiyo, aliyelala hapati pa kuamkia, mashine inaganda mazima.

"Mbona yangu haijaganda?" Ndiyo hapo sasa. Ukiomba memori kwa kmalloc na GFP_KERNEL, mara nyingi memori ipo, unapewa papo hapo bila kulala. Inalala pale memori ikibana. Kwa hiyo utajaribu mara mia usiku mashine ikiwa tupu, na siku imeelemewa ndipo inakufa. Ndiyo maana ndani ya kazi kama hizo wamepachika might_sleep(). Yenyewe haiulizi kama umelala, inaangalia kama uko mahali pasiporuhusiwa kulala. Ni mwalimu wa hesabu anayesahihisha njia hata kama jibu limetoka sawa, na sisi tunaojiita walimu watarajiwa ndio tunamfukuza darasani!

Halafu kuna wajanja wa pili, wanaobadilisha GFP_KERNEL kuwa GFP_ATOMIC kila mahali. Kuna pahala ni sawa kabisa, mfano unapohudumia kifaa kilichomkatiza prosesa kazi yake. Ila ombi hilo haliwezi kusubiri, kwa hiyo hukataliwa kwa urahisi zaidi, tena linachota kwenye akiba ya dharura. Na kama aliyelala ni mutex_lock, msleep au copy_from_user, hiyo GFP_ATOMIC itakusaidia nini? Wengine wanaiuliza in_atomic() ndani ya draiva ndipo wachague. Msimbo wa keneli wenyewe umeandika onyo kwamba usifanye hivyo, maana keneli isiyoruhusu kazi kukatizwa katikati huwa haihesabu spinloki ulizoshika. Ukiwasha ile CONFIG ndiyo inaanza kuhesabu.

Mimi naona tusome ule ujumbe wote badala ya mstari wa kwanza tu. Ukiona in_atomic(): 1 na irqs_disabled(): 0, anza kumtafuta aliyeshika spinloki. Shuka kwenye orodha ya nani kamwita nani mpaka ukutane na jina la kazi uliyoandika wewe. Ukiwa umewasha na lockdep, inakutajia kufuli zilizoshikwa. Mara nyingi dawa ni kuhamisha mistari miwili mitatu tu: omba memori na nakili data ya mtumiaji kwanza, ndipo ushike kufuli, unganisha, achia. Kama kufuli linaguswa na prosesi za kawaida peke yake, tumia myuteksi. Kama ni kwenye kukatizwa, irushe kazi kwenye workqueue.

Najua kuna mtu ataniletea PREEMPT_RT, iliyoingia rasmi kwenye Linux 6.12 Novemba 2024, ambako mwenye spinloki ya kawaida anaweza kulazwa. Sawa kaka, ila kama hukuichagua wakati wa kujenga keneli yako, sheria ni ileile, na raw_spinlock hata huko hailali.

Ukiona "BUG: scheduling while atomic" ujue hapo hakuna mjadala tena, imejaribu kulala kweli. Moduli ya kundi letu bado inatema ule wa kwanza. Tuna siku nne kabla ya kuwasilisha, na kura yangu mmeshaijua.