Mtiririko Hauuzwi kwa Kipaza Sauti

Kuna biashara mpya ya kuwauzia vijana akili, na imefika hadi huku Gesima. Mhamasishaji anakuja na fulana yenye maneno makubwa, anashika kipaza sauti, anawaambia wakimbiaji wa shule na wachezaji wa timu za kijiji kwamba wanashindwa kwa sababu hawajiamini. Funga macho, anasema. Jione umeshinda. Ingia kwenye mtiririko. Kisha anapokea bahasha yake na kurudi Nairobi.

Mimi nasema huo ni uongo, na unatuumiza.

Mtiririko wenyewe si uongo. Kama umewahi kucheza kitu chochote kwa dhati, unaujua. Mguu unafika kabla ya wazo. Kelele za watu zinapotea, dakika ishirini zinapita kama tatu, na ile sauti ya ndani inayouliza "nikikosa je?" inanyamaza. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliuchunguza miaka ya 1970 kwa kuongea na wapanda milima, wachezaji wa chesi, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji. Alikuta hali hiyo inakuja pale mambo matatu yanapokutana: lengo lililo wazi, jibu la papo hapo linalokuonyesha unaendeleaje, na kazi inayolingana na uwezo wako. Kazi ikizidi uwezo, unapata wasiwasi. Uwezo ukizidi kazi, unaboeka.

Soma hayo matatu tena. Hakuna hata moja linaloishi kichwani peke yake. Yote yanataka kitu huko nje.

Watu wa huku wanalijua jambo hili bila kulisoma. Nenda shamba la chai asubuhi umtazame mama anayechuma. Lengo lake ni majani mawili na chipukizi. Jibu lake ni kikapu kinachojaa, halafu mizani inayosema kilo ngapi. Vidole vinakimbia vyenyewe huku mdomo ukipiga stori. Hakuna aliyemletea mhamasishaji. Na sisemi ati anafurahia malipo, mtiririko haulipi karo. Niliacha chuo kikuu nikilijua hilo vizuri.

Sasa mchukue binti wa mama huyo, ana miaka kumi na sita na anakimbia. Viwanja vingi nilivyochezea mimi huku vina mteremko, havina mistari, na hakuna anayejua mzunguko mmoja ni mita ngapi. Saa ni simu ya mwalimu. Akitolewa kwenye mashindano ya shule siku ya kwanza, basi, hadi mwaka ujao. Kaka yake anacheza mpira, anapata jezi msimu wa siasa, fainali inapigwa mheshimiwa akiwa hemani, kura zikiisha ni kimya. Lengo lao ni lipi? Nani anawajibu? Halafu unakuja kuwaambia shida ni akili yao?

Najua mtaniuliza: mbona Temu aliweza? Haya, tumwongelee Temu. Naftali Temu, Mgusii, ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico 1968. Lakini Temu alikuwa mwanajeshi. Alikuwa na mshahara na kikosi nyuma yake, na miaka miwili kabla ya hapo alishakutana na Ron Clarke wa Australia kule Kingston akamshinda. Hakufika Mexico na ndoto tupu. Alifika akijua kipimo chake.

Yobes Ondieki wa Kisii naye alisomea Iowa State kule Marekani. Tarehe 10 Julai 1993, mjini Oslo, akawa mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Mizunguko 25, kila mmoja kama sekunde 65, na kila mmoja saa ikimwambia yuko wapi. Hata Eliud Kipchoge alipomaliza marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, alikuwa na wakimbiaji 41 wa kupokezana kumwongoza, na gari lililomulika mistari barabarani kuonyesha mwendo. Mnabandika maneno yake ukutani. Ile mistari mbona hamuibandiki?

Kipaji tunacho. Moyo tunao. Tunachonyimwa ni vitu vya bei rahisi: chokaa ya kuchora mistari, kamba ya kupimia, saa ya kweli, mtu wa kuandika muda wa kila mtoto kwenye daftari, na mbio kila wiki mbili ambapo mwepesi anakutana na mwepesi na anayeanza anakutana na anayeanza. Kaunti inaweza. Shule inaweza. Sisi wenyewe, wasee wa kukaa stejini tukibishana kuhusu Arsenal, tunaweza kuanza na chokaa.

Kumwambia mtoto ajiamini bila kumpa kipimo ni kumtwika lawama ya watu wazima. Akishindwa ataamini yeye ndiye mbovu, na ataacha kukimbia kabla hajajua alikuwa na kasi gani.

Kwa hivyo wakikuita tena ukumbini, nenda, kunywa soda yao, halafu inua mkono uulize swali moja tu: mistari iko wapi?