Hukupiga kura, sasa unalialia nini?

Wasee wa Kayole, tuongee ukweli. Agosti 15, 2022, Chebukati aliposoma matokeo pale Bomas, mtaa ulinyamaza ka stima imepotea. Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Toa hapo: 233,211. Na waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22. Zaidi ya milioni 7 hawakutokea.

Kwa ploti yetu nawajua watano. Siku ya kura walilala hadi saa sita, wakaamka kuulizia chapo. Hao ndio walipiga kelele ya "tumeibiwa" kuliko wote. Uliibiwa nini na hukuweka kitu? Makamishna wanne walikataa matokeo pale Serena, sawa, hiyo ni hoja, na Mahakama ya Juu ikaamua Septemba 5. Wewe hoja yako ni gani?

Eti wanasiasa wote ni wale wale. Wengi, ndiyo. Lakini MCA anayepitisha bajeti ya mitaro inayofurika hapa kwetu alichaguliwa siku hiyo hiyo. Mama mboga wetu alikuwa kwa laini saa kumi na moja asubuhi, mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilikupigia simu mara mbili.