PANYA WA MOROGORO KAPATA NISHANI, KIJANA WA PEMBA UMEPATA NINI?

Ndugu msomaji, usicheke. Septemba 2020 panya buku mmoja, jina lake Magawa, alivishwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza linalotibu wanyama. Panya huyo alizaliwa Tanzania na kufundishwa Morogoro, kwenye mradi wa shirika la APOPO na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA. Kutoka hapo alipelekwa Kambodia kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Dunia ikampigia makofi.

Sasa wewe uliyekaa barazani Chake Chake na kikombe cha kahawa, wewe wa Wete unayezurura na bahasha ya vyeti, na wewe wa Mkoani uliyekimbilia Kariakoo kuuza mitumba, nakuulizeni swali moja. Panya wa chuo cha kilimo kapata tuzo. Nyinyi wenye vyeti vya kidato cha sita, stashahada na hata shahada, mmeomba ruzuku ngapi za utafiti wa kilimo mpaka leo?

Jibu nalijua. Mtaniambia: "Hizo zina wenyewe." Maneno hayo yana ukweli, lakini ni nusu. Lawama nyingine ni ya watawala, nyingine ni yetu. Leo tuziseme zote mbili bila kuoneana haya.

KARAFUU IMELISHA KILA MTU

Tuanze na watawala. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyolibeba zao hili mgongoni. Sultani alikula karafuu. Mwingereza akala karafuu. Serikali ya Mapinduzi nayo, tangu 1964, ikala karafuu hiyo hiyo. Mpemba ndiye aliyepanda, akapalilia, akachuma, akaanika, na mara nyingine akaanguka mtini akavunjika mgongo.

Lakini tazama jambo moja. Mikarafuu ya visiwa hivi ilipokuwa inakufa ghafla, majani yakikauka huku mti ungali umesimama, mkoloni hakukaa kimya. Alileta wataalamu akawapa mishahara, vifaa na miaka ya kufanya kazi. Mwaka 1952 watafiti wawili, Nutman na Roberts, walilipa jina kuvu liitwalo Valsa eugeniae, na kazi yao ndiyo iliyolihusisha kuvu hilo na kifo cha ghafla cha mikarafuu. Usidhani mkoloni alimwonea huruma babu yako. Mfuko wake ndio uliokuwa unauma. Alijua kwamba ng'ombe wa maziwa akiugua humtafutia mganga, hukai ukaendelea kukamua.

Je, hawa wetu wamejifunza? Kwa miongo mingi mkulima wa karafuu amekuwa na mnunuzi mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Ukiuza pembeni, umefanya magendo. Mwaka 2011, baada ya kelele za miaka, serikali ilipandisha bei na kuahidi kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Alhamdulillahi. Lakini ile 20 inayobaki, ndugu msomaji, ni fungu gani lake linalorudi kuuliza kwa nini mti huu huu mwaka mmoja unazaa hadi matawi yanainama na mwaka unaofuata hautoi kitu? Upo Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, na miche inayogawiwa kwa wakulima hatuikatai. Swali letu ni jepesi. Wewe unayesoma chuo kikuu, ni lini uliona ubaoni tangazo linalosema: "Fedha za utafiti wa karafuu zipo, leteni maandiko, mshindi atatangazwa"?

SIASA INAVYOINGIA SHAMBANI

Wapo watakaosema mambo ya utafiti hayana siasa. Alaa! Baada ya uchaguzi wa 1995 uliogombaniwa, wafadhili wakubwa walisimamisha misaada yao kwa Zanzibar. Wakubwa walibaki kwenye viti vyao na magari yao. Aliyelipa ni kijana. Hesabu mwenyewe: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1995 alifika 26 ndipo muafaka wa Oktoba 2001 ukasainiwa, tena baada ya damu kumwagika Januari mwaka huo. Umri wa kusomea shahada ya kwanza na ya pili ulimpita akiwa barazani.

Na chuo kikuu cha serikali hapa kwetu kilikuwa wapi? Sheria ya kuanzisha SUZA ni ya 1999, na chuo kilianza kufundisha 2001. Kabla ya hapo aliyetaka shahada ya kilimo alivuka bahari hadi Morogoro, na ili avuke alihitaji mtu wa kumsainia karatasi. Ndipo lilipozaliwa neno "zina wenyewe". Halikuzuka hewani.

Leo SUZA ina kampasi Mchangamdogo, hapa hapa Pemba, na Chuo cha Kilimo cha Kizimbani kimeingizwa ndani yake. Mlango umefunguka kidogo. Wanaopita ni wangapi?

NA SISI JE?

Hapa ndipo lawama yetu ilipo. Kijana wa mjini ukimtajia kilimo, anakunja uso. Kwake kilimo ni jembe la babu, ni adhabu ya aliyefeli mtihani. Anataka sheria, uhasibu, kompyuta. Basi sikiliza.

Gebisa Ejeta alizaliwa kijijini Ethiopia. Alisomea kilimo, akazalisha mbegu za mtama zinazostahimili gugu baya liitwalo kiduha, ambalo hunyonya mmea kwenye mizizi. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, na pamoja nayo dola 250,000. Monty Jones wa Sierra Leone alikuwa ameipata 2004 kwa kuchanganya mpunga wa Afrika na wa Asia, ikatoka mbegu iitwayo NERICA. Jirani zetu Kenya wana Profesa Ruth Oniang'o, aliyeshinda Tuzo ya Chakula ya Afrika mwaka 2017. Hao ni watu wa udongo na mbegu, na wanapokewa na marais.

Usiseme hao ni wa mbali. Mihogo yetu ilipokuwa inaozea ardhini kwa michirizi ya kahawia, na majani yakijikunja kwa batobato, watafiti wa Zanzibar wakishirikiana na taasisi ya kimataifa ya IITA walipambana nayo. Mwaka 2007 zikatolewa mbegu nne: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Soma majina hayo tena. Ni majina ya kwetu.

Na anayedhani Pemba ni kijisiwa kisichofaa kwa sayansi nzito aende Wawi. Tangu 2000 ipo pale Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, bingwa wa vimelea kutoka Italia. Tafiti za minyoo na kichocho zilizofanywa kwa watoto wa Pemba zinasomwa na madaktari duniani. Kama tumbo la mtoto wa Pemba limeleta fedha za utafiti, kwa nini shamba la baba yake lisilete?

FEDHA ZIPO, ILA ZINA MLANGO WAKE

Kwanza tofautisha vitu vitatu. Ufadhili wa masomo unakulipia ada na kula. Ruzuku ya utafiti inalipia kazi: sampuli, nauli, maabara, vibarua. Tuzo inalipia kazi uliyokwisha kuifanya. Vijana wengi hukimbilia ya tatu, wakaisahau ya pili, na bila ya pili ya tatu haipatikani.

Pili, jua kwamba ruzuku nyingi hazimwendei mtu mmoja mmoja mkononi. Huenda chuoni, kwa mhadhiri mwenye jina. Chukua mfano wa RUFORUM, umoja wa vyuo vikuu vya Afrika wa kukuza elimu ya kilimo. Ulitokana na mpango wa taasisi ya Rockefeller ulioanza 1992, ukasimama wenyewe 2004, na ofisi yake kuu iko Makerere, Kampala. Ruzuku zake za utafiti zilipangwa hivi: fedha anapewa mhadhiri, na mhadhiri analazimika kuchukua wanafunzi wa shahada ya pili ndani ya mradi. Maana yake nini? Mlango wako ni mhadhiri. Mtafute, msome ameandika nini, mpelekee swali lako kwenye kurasa mbili. Usimpelekee shida zako za nyumbani, atakuhurumia tu. Mpelekee swali.

Tatu, ipo Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, yenye mfuko wa taifa wa utafiti uitwao MTUSATE. Ni ya Muungano, na Zanzibar imo katika Muungano huo tunaoambiwa kila siku tuulinde. Basi na tuudai. Yapo pia mashindano ya MAKISATU yaliyoanza 2019, ambayo hupokea hata wabunifu wasio na shahada. Nje kuna TWAS, chuo cha wanasayansi wa nchi zinazoendelea kilichoanzishwa 1983 kule Trieste na Abdus Salam, Mwislamu wa Pakistan aliyeshinda Nobel.

Nne, andiko zuri halina maneno makubwa. Lina mambo matano: tatizo gani, linamuumiza nani, wengine wamefika wapi, wewe utafanya nini kwa muda gani, na shilingi ngapi zitaenda wapi. Bajeti ya uongo huonekana mara moja. Siku ya mwisho ikipita kwa saa moja, umekosa. Na kibali cha utafiti cha Zanzibar ni mbali na cha Bara, kwa hiyo kianze mapema.

Tano, matapeli. Anayekutaka utume fedha kwa simu ili "akufungulie faili la ruzuku" ni mwizi. Mfadhili wa kweli anatoa fedha, haombi za kwako.

MASWALI YAKO MLANGONI KWENU

Wenzetu wa vyuo vikubwa wanahangaika kutafuta swali. Wewe umezaliwa juu yake. Mabonde ya mpunga yanaingiliwa na maji ya chumvi: ni mbegu gani itavumilia? Mwani wa kina mama, uliolimwa Zanzibar tangu mwisho wa miaka ya 1980, unakufa maji ya pwani yakipata joto, Dk. Flower Msuya ameutafiti kwa miaka mingi akiwa hapa Zanzibar, je nani atakayempokea kijiti kutoka Pemba? Mvua inanyesha karafuu ikiwa juani kwenye majamvi, inaoza, daraja linashuka na bei inashuka: ni kikaushio gani cha bei ndogo kitamfaa mkulima wa Micheweni? Mchumaji anaanguka mtini kila msimu: je, mkarafuu hauwezi kukatwa na kutunzwa ukae chini?

Hayo manne peke yake ni shahada nne za pili.

TUNACHODAI

Kwa watawala tuna madai matatu, na hatuombi hisani. La kwanza, sehemu maalumu ya mapato ya karafuu itengwe kwa sheria iwe ruzuku ya utafiti ya wazi, kila mwaka, ije serikali gani, iondoke serikali gani. La pili, maandiko yasomwe na wataalamu wa nje ya visiwa hivi bila kuona jina la mwombaji, maana hapa kwetu jina la ukoo tu linatosha kueleza kura yako. La tatu, majina ya walioshinda, kiasi walichopewa na walichogundua yabandikwe Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni, mkulima ayasome.

Watatuambia fedha hakuna. Nchi za Afrika zilikubaliana kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Tanzania haijafika hapo. Lakini misafara ya magari haikosi mafuta. Fedha ya kuulinda ulaji haijawahi kukosekana. Ya kuulinda mkarafuu ndiyo kila siku iko njiani.

Na wewe, kijana mwenzangu, usifanye madai yetu kuwa mto wa kulalia. Mtawala mwenye hila anafurahi sana unaposema "zina wenyewe", kwa sababu ukisema hivyo huombi, usipoomba hakukatai, asipokukataa huna ushahidi wa kumshtaki. Omba! Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi. Kijana mmoja aliyenyimwa ni malalamiko. Vijana mia wenye maandiko mazuri na barua za kukataliwa ni hoja ya kupeleka Baraza la Wawakilishi.

Juma hili tafuta mtu mmoja anayesoma kilimo SUZA au SUA, mkae pamoja, muandike swali moja la shamba la kwenu kwenye karatasi mbili. Msimu wa karafuu utakuja kama ulivyokuja enzi ya babu. Safari hii uukute umeshika na kalamu.