Fimbo ya Sabla ya Manah



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita kijana mmoja wetu aliyekuja kunijulia hali aliniuliza kwa nini nimetundika ukutani fimbo kuukuu isiyo na nakshi wala thamani. Nilimjibu kwa mzaha, akacheka, akenda zake. Usiku ule sikupata usingizi, kwani mzaha wangu ulikuwa umeficha deni. Leo, kwa idhini ya mhariri, nalitoa jibu la kweli.

Mwaka 1972 nilikuwa na umri wa miaka 17. Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 yalikuwa yamekwisha kututawanya kama tulivyotawanyika. Sultani Qaboos alikuwa ameshika utawala Julai 1970, naye akawaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee kuijenga nchi. Basi ami yangu, Mungu amrehemu, akanichukua twende Manah, mji wa bara ulio kusini ya Nizwa, alikotoka babu yangu. Hatukuwa na barua wala anwani. Tulikuwa na jina la babu na la mtaa wake, basi.

Vijana wetu waliozoea barabara pana wataona taabu kuamini kwamba hadi mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na kiasi cha kilomita 10 tu za lami. Mtu wa Manah aliyetaka kwenda Unguja aliondoka kwa miguu, au na punda au ngamia wake, akapita Izki, akateremka bonde la Sumail, akapita Fanja mpaka Matrah, na huko ndiko alikongojea pepo za kaskazi na jahazi. Kwa upande wa kusini walikuja watu wa Adam, mji ulio ukingoni mwa jangwa, wakiswaga mbuzi kwenda kuwauza katika soko la Ijumaa la Nizwa. Manah iko kati na kati. Kwa hiyo kila siku magharibi ilimkuta mtu aliyechoka, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, anayehitaji pahala pa kuweka ubavu.

Pahala hapo ni sabla. Sisi watu wa pwani tuifikirie kama baraza iliyojengewa kuta na dari. Wenyeji hukutana humo asubuhi na jioni, hupatana na hugombana humo, hupeana mkono wa tanzia humo. Na mgeni asiye na mwenyeji hulala humo. Katika miji mingi ya Oman sabla ilikuwa na wakfu wake, mitende kadhaa au zamu ya maji ya falaj, ili kahawa na tende za wageni zisitegemee ukarimu wa mtu mmoja, ambao leo upo na kesho haupo.

Gari ya Landrover ilitushusha Birkat al-Mawz, kwani dereva alikuwa akielekea Nizwa. Tukatembea karibu nusu siku. Viatu vyangu vilikuwa vya mjini, na nilipofika Manah nilikuwa nachechemea.

Sabla tuliyoingia ilikuwa chumba kimoja kirefu cha matofali ya udongo, na boriti za dari zilikuwa magogo ya mitende yaliyokuwa meusi kwa moshi. Mlango haukuwa na komeo. Misumari ya mti ilipangwa ukutani, na juu yake watu walitundika bunduki, jambia na vilemba vyao, kama sisi tutundikavyo makoti. Mtungi wa maji ulining'inia penye upepo. Mbuzi wa mtu fulani alifungwa kwenye nguzo ya nje, naye alilia usiku kucha bila ya mtu kumkaripia. Na katika pembe, nyuma ya mlango, palikuwa na rundo la fimbo: ndefu, fupi, zilizonyooka, zilizopinda.

Mzee aliyeitunza alituonyesha pa kuketi, akaleta tende na kahawa chungu. Hakutuuliza jina. Mimi sikujua kwamba huko kikombe hutikiswa kuonyesha kuwa umetosheka. Kila nilipokirejesha alikijaza tena, nami kwa adabu nikanywa. Nilifika cha 7 ndipo ami aliponikanyaga mguu. Mzee akaona, akatabasamu, kisha akasema kwa Kiswahili safi, "Haya mwanangu, kitikise kidogo, usije ukakesha. Unguja mmeiachaje?"

Tulipigwa na butwaa. Kumbe alipata kuishi Pemba miaka mingi akiuza duka Chake Chake, akarejea kabla ya mapinduzi. Lakini hakutupokea kwa sababu ya Kiswahili chetu. Kando yangu alilala mchunga mbuzi wa Adam, na ng'ambo yake mtu aliyekuwa hana akili timamu, akizunguka miji yote kwa miguu. Sote tulipewa tende zile zile na mkeka ule ule. Ami alipotaka kumweleza nasaba yetu, mzee alimzuia kwa mkono. "Kesho, sheikh. Mwenye njaa hana ukoo."

Tulikaa siku 3, ambazo ni haki ya mgeni kama mnavyojua. Mchana tuliwatazama wenyeji wakigawana maji: zamu huitwa athar, yaani kiasi cha nusu saa, na hupimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Tulisali katika misikiti ya Harat al-Bilad, ule mtaa wa kale, yenye mihrabu za chokaa zilizonakshiwa mwanzoni mwa karne ya 16. Siku ya tatu alikuja bibi kizee, mpwa wa babu yangu. Alinishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga, akalia. Tukahamia kwake.

Wiki iliyofuata tulipoondoka kwenda Nizwa, bado nilichechemea. Mzee aliingiza mkono katika lile rundo, akanipa fimbo. Nikamwambia nitairejesha. Akasema, "Hapa hairejeshwi. Ukifika, mpe anayehitaji. Ndivyo ilivyonifikia mimi."

Hiyo ndiyo fimbo iliyoko ukutani kwangu. Ilivuka bahari pamoja nami nilipohamia huku katika miaka ya 1980. Sikumpa mtu. Niliipenda, nikaifanya pambo.

Na sasa nifike penye deni. Majira ya baridi ya mwaka juzi, mwanafunzi wa Kipemba alinipigia simu kutoka stesheni ya mabasi. Chumba alichoahidiwa kilikuwa kimekwisha kupewa mtu mwingine. Aliomba siku 3 tu. Nilimwambia nyumba ni ndogo, mjukuu wangu ana mitihani, ajaribu kwingine. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Nilipoweka simu mke wangu hakusema neno. Aliinua macho akaitazama fimbo. Kijana yule alilala stesheni. Kesho yake walimchukua jamaa zetu wa Kingazija, watu 6 katika vyumba 2. Nimekwenda kwao na kwake kuomba radhi, nao wamenisamehe. Mimi sijajisamehe.

Manah nayo imebadilika. Watu wamehama Harat al-Bilad wakajenga nyumba za saruji pembeni, na mtaa wa kale unatazamwa na watalii. Mwaka 2023 yalifunguliwa huko makumbusho makubwa ya Oman katika zama zake zote. Huko Misfat al-Abriyin, katika milima ya Al Hamra, nyumba za udongo zimekuwa nyumba za wageni, na Wazungu wenye mikoba mizito migongoni hulala chini kwenye magodoro baada ya kutwa ya kutembea milimani. Hulipa, na ni halali yao kulipa na ya wenyeji kupokea. Lakini yule asiye na cha kulipa, ambaye dini yetu imemtaja miongoni mwa makundi 8 yanayostahiki zaka, yeye ni mgeni wa nani?

Sisi hatuna sabla hapa, wala mitende ya wakfu. Majumba yetu ni finyu na sheria za upangaji ni kali; sidai mtu avunje mkataba wake wala aibane familia yake kupita kiasi. Lakini tuko familia nyingi. Kama kila nyumba 10 itapatikana moja yenye mkeka na usiku 3, hapana mtoto wa watu atakayelala stesheni. Ijumaa ijayo baada ya sala nitaketi mlangoni na daftari. Jina la kwanza nitaandika langu.

Fimbo nimeitungua. Iko nyuma ya mlango, inamngojea mwenyewe.

Tukutane mwezi ujao, inshaallah. Wabillahi tawfiq.